Mashua ya Vipande

Mashua Lady Alice, yenye urefu wa mita 12 hivi, iliyoundwa Uingereza kwa mbao nyembamba za mwerezi na kugawanywa vipande vitano ili ibebeke, ilifika mto Lualaba, Kongo, mnamo Oktoba 1876 kwa kufuata bonde la Luama, mto upitao Kabambare, ikiwa juu ya mabega ya wapagazi, yaani wachukuzi wa msafara. Vitabu humsifu mpelelezi Henry Stanley, kiongozi wa msafara aliyeiagiza; lakini baada ya miji ya Kasongo na Nyangwe ni wapagazi hao walioipenyeza msituni, njia ikifyekwa kwa mashoka mbele yao, hata Novemba ikaunganishwa tena na kushushwa mtoni, Uledi akiwa mshika usukani. Pongezi za safari ile ni haki yao kwanza.