Fatuma, Fatma, Fatima: Nani Asahihishwe?

Walimu na makarani wa masjala hutuuliza mara kwa mara: lipi kati ya Fatuma, Fatma na Fatima ndilo sahihi? Swali hili si la mzaha. Tumepata kuona jalada la mirathi ambamo mama mmoja ameandikwa Fatuma katika cheti cha kuzaliwa, Fatma katika cheti cha shule, na Fatima katika hati ya kiwanja. Mama huyo hakudanganya popote. Kila karani alimsahihisha kwa nia njema, na mwisho wa wema huo akatakiwa ale kiapo kwamba watu hao watatu ni yeye mmoja. Katika makala haya twakusudia kuihakiki desturi hiyo ya kusahihisha, maana imejengwa juu ya hoja ambazo zikipimwa hazina uzito.

Hoja ya kwanza ni ya maana. Husemwa kwamba Fatima maana yake ni "aliyeachishwa ziwa", na kwamba anayetamka Fatuma ameipoteza maana hiyo. Hapa pana makosa mawili. Asili ya jina ni mzizi wa Kiarabu f-t-m, wenye maana ya kukata na, hasa, kumkatiza mtoto kunyonya. Lakini umbo la Fatima ni la mtenda wa kike, si la mtendwa. Kisarufi ni mwanamke anayemlikiza mtoto. Wasomaji walio maofisini watakitambua kitenzi hicho cha likiza, kwa kuwa ndicho kilichotupatia neno likizo. Kosa la pili ni kudhani kwamba jina la mtu hubeba maana kama istilahi ibebavyo. Mzazi anayempa bintiye jina hili hafikirii habari za kunyonya. Humkumbuka Fatima binti wa Mtume Muhammad, mke wa Ali na mama wa Hasan na Husein, aliyefariki mwaka 632. Kumbukumbu hiyo imo katika Fatuma kwa ukamilifu uleule. Hata jina la Batuli, ambalo kwa sauti halina undugu wowote na Fatima, limetokana na lakabu ya bibi huyohuyo.

Hoja ya pili ni ya sauti, nayo ndiyo isemwayo zaidi: kwamba u ya Fatuma ni kosa la ulimi usiojua Kiarabu. Yafaa kwanza ikumbukwe kwamba katika mazungumzo ya Waarabu wengi wenyewe i fupi ya katikati hudondoka, likabaki Fatma. Waturuki nao husema Fatma. Kiswahili, kwa kawaida, hakipendi konsonanti mbili za namna hii zikutane. Huzitenganisha kwa irabu. Hivyo hukm ikawa hukumu, waqt ikawa wakati, na rizq ikawa riziki. Kwa nini basi hapa iwe u? Jibu yaelekea limo midomoni. Sauti m hutamkwa kwa midomo, na u ni irabu iviringayo midomo. Ndiyo maana maneno mengi tuliyoyapokea kutoka Kiarabu yakiishia kwa m, b au f yalipewa u mwishoni: salamu, kalamu, kitabu, Zainabu, Yusufu, ilhali mengine mengi yalipewa i, mathalani sultani na Rashidi. Aliyesema Fatuma, basi, alivutwa na tabia ileile ya lugha iliyotupatia kitabu, na hatujamsikia mwalimu yeyote akidai kwamba turudi kwenye kitab. Wala u hiyo si yetu peke yetu: Wasomali husema Faadumo, na katika Senegal na Mali limeenea Fatoumata.

Aidha, karani aandikaye Fatima kwa nia ya kurudi kwenye asili hajarudi kokote. Mwarabu hukaza silabi ya kwanza na kuirefusha, na t yake ni nzito. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa t yetu nyepesi. Fatima ya masjala yetu ni ya Kiswahili sawasawa na Fatuma.

Matamshi hutofautiana pia kwa mahali. Katika mji wa Unguja na Mombasa Fatma husikika sana. Bara lililotia mizizi ni Fatuma. Na miongoni mwa Wayao wa Malawi utasikia Patuma. Historia nayo haikuchagua upande. Mwishoni mwa karne ya 17 Unguja ilikuwa na Malkia Fatuma, na katika karne ya 19 kisiwa cha Mwali, huko Komoro, kilitawaliwa na Jumbe Fatima. Tena si kila Fatima ni Fatuma. Kuna mabinti wa Kikatoliki walioitwa Fatima kwa heshima ya Bikira Maria wa Fatima, mji wa Ureno ulioleta habari za matokeo ya mwaka 1917. Anayewageuza hao kuwa Fatuma, kwa kutaka kuwaswahilisha, amewageuzia na dini.

Kwa maoni yetu, basi, usanifishaji una mpaka wake. Istilahi ni mali ya umma, nasi tumepewa kazi ya kuitengeneza. Jina ni mali ya mwenyewe, na hakutukabidhi. Mtafsiri na alihifadhi kama alivyolikuta. Amwandikapo binti wa Mtume, Fatima ndilo umbo lililozoeleka vitabuni. Mwalimu na aandike daftarini kama ilivyo katika cheti cha kuzaliwa. Karani naye na amwulize mama jina lake, aliandike, kisha amsomee herufi kwa herufi kabla ya kugonga muhuri. Kazi hiyo haichukui dakika moja. Yule mama wa mirathi alipoteza miezi.