Upanga na Fumbo: Kicheko cha Baada ya Vita

Miongoni mwa sanaa zilizochelewa kupata wahakiki katika Kiswahili ni mchezo wa kompyuta. Wengi huuhesabu kuwa pumbao la vijana, wakaupita. Hata hivyo, ipo michezo mifupi, iliyobuniwa na watunzi wa kujitegemea wasio na kampuni kubwa nyuma yao, ambayo yastahiki kusomwa kama isomwavyo tamthilia ya kichekesho. Mmojawapo ni The Procession to Calvary, yaani Msafara wa Kalvari, wa Mwingereza Joe Richardson, uliotolewa mwaka 2020 na unaomalizika kwa saa chache tu.

Kwa upande wa fani, mchezo huu ni wa kuelekeza na kubofya: mchezaji huelekeza mshale kwenye kitu au mtu, akakiokota, akamsemesha, akatafuta namna ya kufumbua fumbo moja hadi jingine. Mandhari na wahusika wote wamekatwa kutoka katika michoro ya kale ya Ulaya, wakaunganishwa na kutembezwa kama vikaragosi. Jina lenyewe ni la mchoro wa Pieter Bruegel wa mwaka 1564, ambamo Kristo aliyebeba msalaba amezama katikati ya umati hata mtazamaji hulazimika kumtafuta. Richardson amerithi siri hiyo ya Bruegel: jambo zito hupita huku watu wakiendelea na shughuli zao, na kicheko huzaliwa katika pengo hilo.

Maudhui yake yanaanzia pale hadithi nyingi za vita zinapoishia. Vita vitakatifu vimekwisha, kuua kumepigwa marufuku, na shujaa wa kike aliyezoea upanga hana kazi tena. Amani inamchosha. Anapopata ruhusa ya kumwua mtawala dhalimu aliyekimbia, anafunga safari kwa furaha. Njiani yapo mafumbo mengi, lakini upo pia mlango wa mkato: mchezaji akishindwa kufumbua, aweza kuuchomoa upanga na kumwondoa aliyemzuia. Mkato huo hauachwi bure, kwani damu ina hesabu yake mbele ya safari. Hapo ndipo tashtiti ya mtunzi inapokata: anayecheka ndiye anayejaribiwa.

Kichekesho cha askari asiye na kazi hakimshangazi msomaji wa Afrika Mashariki. Wilayani Tarime, mkoani Mara, kilipata kuwa msiba. Michael Fleisher, katika kitabu chake Kuria Cattle Raiders cha mwaka 2000, ameeleza jinsi wizi wa mifugo miongoni mwa Wakurya ulivyobadilika, kutoka ujasiri wa vijana waliotafuta mahari hadi biashara ya ng'ombe wanaovushwa mpaka kuuzwa Kenya. Wakurya wengi walikuwa wamelitumikia jeshi. Na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bunduki zilirudi nyumbani pamoja na baadhi ya wapiganaji. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini silaha haikustaafu.

Anayeusoma mchezo wa Richardson kwa jicho la Tarime huona upesi ubora wake na upungufu wake. Ubora ni kutambua kwamba amani ni kazi ya subira: kwenda huku, kurudi kule, kubeba hiki ili upewe kile, kumsikiliza mtu mwenye maneno mengi. Ndivyo ilivyo pia katika ritongo, baraza la jamii ya Wakurya, ambapo shauri huzungushwa, watu wakasikilizana hadi neno lipatikane. Upungufu ni kwamba wauawao ndani ya mchezo ni kama hawana jamaa. Hesabu ya damu iko baina ya muuaji na mchezo peke yao. Huko Mara kila marehemu ana ukoo, na aliyeuruka fumbo leo huwaachia wanawe fumbo kubwa zaidi kesho.

Katika wilaya jirani ya Serengeti upungufu huo huonekana kwa sura nyingine. Dunia nzima huijua Serengeti kwa wanyama wa hifadhi, kana kwamba nchi ile haikuwa na wenyewe. Jan Bender Shetler, katika Imagining Serengeti cha mwaka 2007, ameonyesha kwamba kwa Waikoma, Wanata, Wangoreme na wenzao ardhi hiyo imejaa majina ya makazi ya kale na kumbukumbu za watu. Mzee anayeonyesha kilima kwa kidole na kukitolea kisa anaifanya mandhari izungumze, na hilo ndilo jambo ambalo fani hii ya kubofya huliweza kuliko filamu.

Utani wa Kitanzania humchora Mkurya akiwa na panga mkononi daima, na watu hucheka. Kicheko hicho hulisahau ritongo. Msafara wa Kalvari, pamoja na upungufu wake, humkumbusha mchekaji kwamba upanga uko mkononi mwa kila mtu aliyechoka kufikiri. Mchezo utakaotungwa siku moja kutoka Mugumu au Sirari hautahitaji kuazima michoro ya Ulaya. Utahitaji kuwapa waliouawa jamaa zao, kisha umwache mchezaji aketi barazani atafute neno.