Kushuka Kitonga na tela

Lori lililobeba shaba ukiliona kwa mbali utadhani halina kitu. Mabamba hulazwa sakafuni mwa tela, mafungu machache yaliyobanwa kwa mikanda ya chuma, na turubai lake halifiki hata kiunoni mwa mtu. Abiria wa basi hulitazama na kujiuliza mbona gari tupu linajikokota namna ile. Kumbe pale zimelala kama tani 30, zimetoka Copperbelt ya Zambia au Kolwezi huko Kongo, na sasa zimefika ukingoni mwa nyanda za juu za Iringa. Mbele ni mteremko wa Kitonga, na chini ya Kitonga ni bonde la Ruaha Mkuu.

Anayepita pale kwa gari dogo hukumbuka kona, ukuta wa mwamba na korongo. Dereva wa tela hukumbuka uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na tela lake, likiwa na ekseli za kutosha, lifike tani 56. Uzito huo ukishuka mita 100 tu za kimo, joto linalozaliwa linatosha kuchemsha lita 160 hivi za maji kutoka ubaridi wa mtungi hadi yatokote, na kutoka Ilula hadi Ruaha Mbuyuni barabara inashuka mita mia kadhaa. Joto lote hilo lazima liende mahali. Dereva ndiye anayeamua liende wapi, na humo ndimo ilimo kazi yake yote.

Barabara yenyewe ina historia ya kazi hiyo. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilipoteza njia ya kusini ya kuaminika, mafuta yakaanza kwenda huko Zambia kutoka Dar es Salaam kwa malori na shaba ikarudi kwa malori hayohayo, kwenye vumbi na tope. Nchi za nje zikaijua barabara hiyo kama Njia ya Jehanamu. Baadaye lami ikaja, na magari yakabadilika mara nyingi. Kimo ni kilekile.

Sasa mtazame dereva anayejua. Nimewatazama wengi, wengine nikiwa kiti cha pembeni, na ninachokipenda kwao ni kwamba mambo makubwa huyamaliza mapema, mlima haujaanza. Juu kule, barabara ingali tambarare, anapunguza mwendo na kuingiza gia nzito. Anaiingiza hapo kwa sababu anajua kwamba huko chini huenda asiipate tena: ukichomoa gia kwenye mteremko na mzigo unakusukuma, magurudumu yanakimbia kuliko injini, na gia inagoma kuingia. Kuanzia hapo gari halina kitu cha kulishika isipokuwa breki.

Na breki zina kikomo. Dramu ikipata moto hutanuka na kuzikimbia laini zinazoibana, na laini zenyewe zikiungua hupoteza ukali. Mguu unakanyaga ileile kanyaga ya asubuhi, gari halisikii. Kila kanyaga pia inakula upepo kwenye mitungi. Anayegusagusa breki kila dakika anajikuta na dramu nyekundu na geji ya upepo inayoshuka kwa pamoja, katikati ya kona.

Dereva ninayemzungumzia huiachia injini kazi. Anafungulia ekzosti, kile kilango kinachoziba bomba la moshi, na injini inabaki kusukuma hewa isiyopata pa kutokea. Nguvu ya kusukuma hivyo inatoka kwenye magurudumu, kwa hiyo magurudumu yanapunguza mwendo. Ekzosti hushika vizuri injini ikizunguka kwa kasi, ndiyo maana gia nzito na ekzosti haziachani. Ukikaa ndani unasikia mngurumo mzito usiopanda wala kushuka. Yeye anausikiliza huo kuliko anavyotazama dashibodi. Mngurumo ukianza kupanda, anasubiri kidogo, mshale ufike tuseme 30, kisha anakanyaga mara moja, kwa nguvu, mpaka 22 hivi, na kuuondoa mguu kabisa. Breki zinapata muda wa kupoa. Mngurumo unarudi palepale. Anafanya hivyo tena na tena, bila haraka, na mguu wake unapumzika sakafuni muda mrefu kuliko unavyokanyaga.

Tela lina tabia zake. Kichwa kikishikwa na breki kabla ya tela, tela linaendelea kusukuma, na penye kona lori hujikunja. Kwa hiyo breki za tela zinatakiwa ziwahi, japo kidogo sana, ili tela livute nyuma na mnyororo wote unyooke. Macho ya dereva yanakwenda kwenye kioo kila baada ya muda mfupi kuangalia matairi ya mwisho, maana hayafuati njia ya yale ya mbele. Yanakata kona kwa ndani. Anayeshuka analazimika kutanua mpaka upande wa wenzake, basi anapiga honi kabla ya kona, na akiona tangi la mafuta linapanda anasimama mapema na kulipisha. Anayepanda akisimama, kuondoka tena ni shida. Mara nyingi utamkuta tingo wake anatembea kando ya gurudumu na gogo mkononi, tayari kulitega. Heshima hii haijaandikwa kwenye kibao chochote, na ninaiona kuwa sehemu ya ufundi kama ilivyo gia.

Kuna wanaochomoa gia na kushuka na nyutro, wakiamini wanaokoa dizeli. Ninawaambia kila ninapopata nafasi: injini za siku hizi zinazoongozwa kwa umeme hukata dizeli kabisa pale mguu unapoachia mafuta na gari likiwa ndani ya gia. Kwenye nyutro injini inaendelea kunywa ili isizime. Kwa hiyo wanachoma mafuta na breki kwa pamoja, na ekzosti haiwasaidii chochote.

Kule chini, gari likishafika pa kusimama, kazi haijaisha. Dereva mmoja mtu mzima niliyeshuka naye hakuvuta breki ya kuegesha kwa sababu dramu zilikuwa na moto, na dramu ikibanwa ikiwa moto huharibika. Alimtuma kijana wake atege magogo, wala hakuruhusu mtu azimwagie dramu maji. Kisha wote wawili wakazunguka gari, kila mmoja upande wake, kiganja kikipita karibu na kila gurudumu bila kugusa. Nilidhani wanatafuta lililopata moto kupita kiasi.

"Mzee, hili la pili kutoka nyuma limepoa," kijana aliita.

"Limepoa, au halijapata moto kabisa?"

Kijana akarudisha kiganja. "Halijapata moto."

Hilo ndilo walilokuwa wakilitafuta. Gurudumu la baridi chini ya Kitonga halikushika breki, na mzigo wake wote limeyabebesha mengine. Walisubiri dramu zipoe. Kijana akaingia uvunguni na spana, akakaza mpaka laini ikagusa dramu, akarudisha nusu mzunguko. Mzee akamwambia apime na la upande wa pili, maana yakipishana tela litavuta upande mmoja, kisha akapanda kusikiliza upepo ukijaa.