Mgeni Mwekundu na Jicho la Mwenyeji: Kumsoma Elspeth Huxley kutoka Meru na Embu

Wahakiki wa Kiafrika wamezoea kumweka Elspeth Huxley (1907–1997) katika kundi moja na walowezi, na sababu wanazo. Mwandishi huyu wa safari na mwanahabari, aliyekulia Thika na Njoro, alimtukuza Lord Delamere katika White Man's Country (1935), na mwaka wa 1944 akawatetea walowezi katika majibizano yake na Margery Perham. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba riwaya yake ya Red Strangers (1939) inakinzana na siasa za mtunzi wake, na kwamba ukinzani huo unatokana na fani.

Katika vitabu vyake vya safari, kama vile The Sorcerer's Apprentice (1948), jicho linalotazama ni la msafiri: ndiye anayehoji, anayepima na anayehukumu. Katika Red Strangers jicho hilo limehamishwa. Waseru na wanawe, Muthengi na Matu, wana mashamba, mbuzi na magomvi yao kwa kurasa nyingi kabla Mzungu hajatokea. Na anapotokea, yeye ndiye kioja.

Msomaji wa Meru au Embu hatashangazwa na mbinu hiyo. Waingereza waliishambulia Embu mwaka wa 1906, E. B. Horne alipofungua kituo cha utawala Meru mwaka wa 1908, Wameru walimpachika jina la Kangangi, yaani mzururaji. Jina hilo lenyewe ni uhakiki: linamwona mtawala kama mtu asiye na kwao.

Lakini Huxley alimsikiliza mwenyeji hadi wapi? Jomo Kenyatta, aliyehudhuria semina za Malinowski mjini London kama yeye, alikuwa amechapisha Facing Mount Kenya mwaka wa 1938. Kenyatta anajenga hoja dhidi ya unyang'anyi wa ardhi. Wahusika wa Huxley hushangaa zaidi kuliko wanavyodai. Mshangao humfanya mgeni awe wa ajabu, ila haumwiti barazani ajibu. Mtoto azaliwaye mwishoni anaitwa Aeroplane, ilhali kwa desturi ya Wagikuyu majina hurithiwa kwa mababu na nyanya. Uzi wa ukoo unakatika, na msimulizi anayapokea hayo kama majaliwa.

Kwa hivyo, riwaya hii isiondolewe katika mitaala yetu, wala isisomwe peke yake. Isomwe sambamba na Kenyatta na masimulizi ya wazee wa Njuri Ncheke. Hapo mwanafunzi atabaini mgeni alisikia nini, na ni wapi alipoziba masikio.