Mkia kwa mkia

Sabufa iliyoletwa asubuhi hiyo ilikuwa inalia, ila mwenyewe alilalamika kwamba "ngoma imekimbia". Ilishapita kwenye mikono ya fundi mwingine. Wetu hakuiwasha. Aliifungua, akapuliza vumbi, akaitazama bodi mpaka nikapiga miayo, kisha akagusa kwa ncha ya bisibisi kikopo cheusi karibu na waya wa spika.

"Hiki si chake."

Amplifaya ile ilikuwa ya kutumia betri ya sola ya volti 12, na sauti yake hufika kwenye spika kupitia kapasita moja. Kazi ya kapasita hiyo ni kuuzuia umeme mnyoofu usiingie kwenye koili ya spika na kuiunguza, huku mawimbi ya sauti yakipita. Lakini ikiwa ndogo, huyabana yale ya chini. Kwa spika ya omu 8, mikrofaradi 1000 hupitisha besi mpaka kwenye hezi 20 hivi, ambako sikio nalo linakomea. Fundi aliyetangulia alikuwa ameweka 100. Hapo sauti inaanza kubanwa kwenye hezi 200, na ngoma kubwa yote inabaki nje.

Hapa Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma, fundi wetu vipuri vyake vingi anavitoa kwenye mabodi ya redio na televisheni zilizokufa. Kapasita zake kazipanga kwa aina, hakufuata namba. Za seramiki ziko kwenye chupa ya dawa, na anaziweka mbali na njia ya sauti. Alinionyesha sababu: amplifaya ikiwa inafanya kazi, aligonga moja kwa njiti ya kiberiti, spika ikaitika "tok". Seramiki ndogo zenye ujazo mkubwa hugeuza mtikisiko kuwa umeme, na ujazo wenyewe huyumba volti zikipanda na kushuka. Mwimbaji akipitishwa humo anatoka na mikwaruzo. Ila zikikaa jirani na miguu ya chipu kumeza kelele za masafa ya juu, hazina mpinzani. Palipo na sauti yenyewe, na ujazo unaotakiwa ni mdogo, anaweka kapasita ya filamu.

Kapasita za elektroliti ndizo zinazomchosha. Maji yake hukauka kwa joto. Nyuzi 10 zikiongezeka, umri hupungua kwa nusu hivi. Kwa hiyo kila moja iliyotumika anaipima kwanza, na zilizoandikwa nyuzi 105 anazificha kama sukari.

Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, nayo ilikuwa kimya. Ilihitaji kapasita isiyo na upande, ya mikrofaradi 4.7, naye hakuwa nayo. Angepachika elektroliti moja tu, nani angemjua? Akachukua mbili za 10, akazigeuza mpaka mistari ya upande hasi ikaangaliana, akalehemu hasi kwa hasi, mkia kwa mkia. Zikiunganishwa hivyo, ujazo ni nusu. Mita ikasoma 4.9. Akaangalia dirishani kidogo, akakubali.

Ile ya 1000, ya volti 25, aliisimamisha kwa miguu mirefu, mbali na bati la kupozea. Akawasha. Vikopo mezani vikaanza kucheza. Mwenyewe akacheka kwa sauti, akataka iongezwe. Fundi akaipunguza, akaweka kidole juu ya kapasita mpya, akakiacha hapo mpaka wimbo ukaisha.