Lililolala Bila Kuchacha

"Hili limelala," alisema mzee mgema baada ya funda la kwanza. Akanyamaza, akachukua la pili, akalizungusha mdomoni taratibu kabla ya kumeza. "Limelala sana. Lakini halijachacha."

Tulikuwa barazani kwangu Mapinga, jua likielekea kuzama ng'ambo ya barabara ya Bagamoyo. Mzee alikuwa ametoka minazini kugema kwa jioni, kidumu chake kimekaa chini karibu na miguu yake, kotama, kisu chake cha kugemea, imechomekwa kiunoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamwomba aketi. Mpwa wangu aliyekuja likizo kutoka Chicago alikuwa amefungua chupa aliyoileta sandukuni, imeviringishwa kwa fulana mbili: bia nyeusi, kali karibu mara tatu ya bia zetu za kawaida, iliyokaa mwaka mzima ndani ya pipa la wiski kisha ikatiwa vanila. Tuligawana watu watatu katika vikombe vya kahawa, kwa sababu ndivyo ukali wake unavyotaka.

Mzee alisema "hili", hakusema "hii". Kwa neno moja aliitoa bia katika ngeli yake akaiingiza katika ngeli ya tembo la mnazi, akaihukumu kwa kipimo anachopimia kazi yake mwenyewe. Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza kwamba hakuna mwonjaji wa mji wowote ambaye angeisema bia ile vizuri zaidi.

Mpwa wangu alikuwa ameonya kwamba isiwekwe kwenye friji. Kila aliyewahi kukaa baa hapa nchini analijua swali la mhudumu: baridi au moto? Na moto, kwetu, ni chupa ambayo haikuonja barafu. Nimewaona wazee wengi wakiagiza ya moto, nami nikadhani ni mazoea tu ya enzi za kabla ya umeme. Bia ile imenifundisha kuwaheshimu. Baridi kali huzima harufu na kuutia ulimi ganzi. Ikiwa na uvuguvugu wa barazani, bia hufunguka: kwanza inakuja harufu ya kahawa iliyokaangwa hadi ukingoni mwa kuungua, halafu sukari guru, halafu tende, halafu moshi wa kuni uliokwisha kupoa. Vanila haiji kwa kelele. Inakuja mwishoni, unapokwisha kumeza na kuvuta pumzi kwa pua, kama mtu aliyepita chumbani akaacha marashi. Uzito wa bia yenyewe ulimini ni wa asali, na joto lake huteremka kifuani polepole.

Weusi wa bia hiyo ni wa shayiri iliyokaangwa kama buni. Pipa nalo lina habari yake. Sheria ya Marekani inataka wiski yao ya bourbon ikae ndani ya vyombo vipya vya mwaloni vilivyobabuliwa kwa moto kwa ndani, kwa hiyo pipa lililotumika mara moja halirudii kazi hiyo, hutafutiwa nyingine. Katika miaka ya 1990 watengenezaji bia wa Chicago walianza kuyatia bia nyeusi mapipa hayo. Moto ulioubabua mti huzivunja nyuzi zake na kuachia kitu kilekile kinachoipa vanila harufu yake, vanilini. Maana yake ni kwamba hata kabla tunda la vanila halijaingia, mti umekwisha kulitangulia. Ladha mbili nilizodhani ni za asili mbili zilikuwa ndugu.

Hata majina yao ni ndugu. Wilaya ya Bourbon kule Kentucky ilipewa jina la ukoo wa wafalme wa Ufaransa mwaka 1785. Kisiwa cha Réunion, huku kwetu katika Bahari ya Hindi, nacho kiliitwa Bourbon kwa ukoo uleule, na vanila ya visiwa vya eneo hilo inauzwa kwa jina hilo mpaka leo. Na ni kisiwani humo mwaka 1841 ambapo mtoto wa miaka 12, Edmond, mtumwa, alionyesha namna ya kuchavusha ua la vanila kwa mkono. Mmea huo ulitoka Mexico. Ulipofika kwetu ulistawi na kutoa maua, lakini nyuki wake hawakuja nao, basi haukuzaa. Edmond alitumia kijiti: akakinyanyua kigozi chembamba kinachotenganisha dume na jike ndani ya ua, akavikutanisha kwa kidole gumba. Utumwa ulipofutwa kisiwani mwaka 1848 alipewa jina la ukoo, Albius. Alikufa maskini mwaka 1880, wakati wengine wametajirika kwa kidole chake.

Sijui kuionja vanila tena bila kumfikiria mtoto yule. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu. Mkulima wa Kagera anayelima vanila leo hupita shambani mwake kila siku ya msimu, ua kwa ua, kwa kijiti, kwa sababu ua asilolifikia asubuhi hiyo limekwenda. Kisha tunda hukaa kwenye mmea miezi 8 au 9, huchumwa likiwa bichi lisilo na harufu yoyote, huchovywa maji ya moto, hufunikwa litoe jasho, huanikwa na kufunikwa tena kwa majuma mengi mpaka linapokuwa jeusi na kunukia. Mkono unaorudi palepale kila siku: ndani ya kikombe changu cha kahawa ndio niliokuwa nikiuonja.

Na mkono wa namna hiyo ulikuwa umekaa mbele yangu, umeshika kikombe.

Mgema huparaga mnazi mara mbili kwa siku, alfajiri na jioni, kwa vipandio vilivyochongwa kwenye shina. Juu kule analitafuta kole ambalo karara lake bado halijapasuka. Hulifunga kamba lisifunguke, akawa analiinamisha siku baada ya siku, kidogo kidogo, kwa sababu ukililazimisha litavunjika na kazi imekwisha. Likishakubali kuinama, hulikata ncha, na chini ya jeraha hilo huning'iniza chombo. Zamani kilikuwa kibuyu. Siku hizi ni chupa ya plastiki. Kila anaporudi hulimega tena kole kwa kotama, kipande chembamba kama karatasi. Akikata kinene, kole linakwisha kabla ya siku zake. Akikata kidogo mno, jeraha linafunga na utomvu hautoki. Nilimuuliza mzee anajuaje unene. Akanionyesha kidole gumba, akasema kotama yenyewe humwambia.

Asiporudi siku moja, mti hausubiri. Huu ndio uzito wa kazi hii ambao mnywaji hauoni. Mnazi hauna Idi wala msiba, na mgema akiumwa lazima amtafute wa kumpandia.

Utomvu unaotoka ni mtamu na mweupe, na chachu ya hewani huanza kazi hata kabla chombo hakijashuka. Alfajiri ni tembo tamu. Adhuhuri limeanza kuuma ulimi. Jioni lina nguvu zake kamili, karibu sawa na bia ya dukani, linatoa povu na harufu ya mkate unaoumuka. Likilala, kesho limechacha. Kwa hiyo tembo lina umri wa siku moja, na ndani ya siku hiyo hupitia yote ambayo bia ya pipa huyapitia kwa mwaka. Kulionja vizuri ni kujua umelikuta saa ngapi. Kwangu mimi, saa yake ni ile baada ya alasiri, utamu ukiwa haujaondoka na ukali umeshafika, na huo ni muda mfupi sana.

Majirani zangu wengi hawanywi, kwa dini, nami siwaaliki kwenye jambo ambalo kwao ni haramu. Lakini hata wao humpisha mzee njiani na humwita kwa adabu. Wanaijua minazi, na wanajua kupanda kila siku kwa miaka arobaini si jambo la mchezo.

Minazi yenyewe inapungua. Upo ugonjwa unaoiua katika pwani hii: majani hugeuka njano, madafu huanguka machanga, kisha kichwa chote hudondoka na shina likabaki limesimama kama nguzo. Inayosalimika hukatwa kupisha viwanja. Kutoka barazani kwangu nilihesabu mashina manane yasiyo na vichwa. Mzee alifuata macho yangu, hakusema neno.

Alimweleza mpwa wangu kilichokuwa kikimsumbua: kinawezaje kinywaji kulala mwaka bila kuchacha? Kijana akajibu vizuri. Akasema ukali wake wenyewe unakilinda, na maua machungu ya hopi, na pipa safi lililozibwa, na mtu anayekuja kuonja mara kwa mara ili ajue siku ya kukitoa.

"Anakuja kuonja," mzee akarudia. "Basi huyo naye ni mgema."

Akamaliza kikombe, akaomba ile chupa tupu. Jumapili iliyofuata aliirudisha imejaa siki ya tembo, lile lililolala mpaka likachacha na kuendelea kuchacha, kali na safi kama maji. Mke wangu aliitia kwenye kachumbari. Nilipoinusa chupa, chini kabisa ya ukali wa siki, vanila ilikuwa bado ipo.