Pamefichwa na Nani?

Vitabu vya kuongoza watalii vinapenda sana neno "pamefichika". Nilipokuja Cork, Ireland, kusoma shahada ya uzamili, niliviamini neno kwa neno. Kila Jumamosi nilitoka kutafuta kijia au ufukwe "uliofichika", na kila nilipoupata nilijiona mgunduzi.

Kisha nikafika Carr's Hill, kusini mwa mji, kwenye barabara ya Carrigaline. Kilimani umesimama msalaba mrefu unaoonekana tangu barabarani. Hapo walizikwa kwa halaiki maskini waliokufa wakati wa Njaa Kuu iliyoanza 1845, wengi wakitoka kwenye nyumba ya maskini ya mjini. Makaburi hayana majina.

Ndipo neno lile liliponichosha. Kilima ambacho kila dereva anakiona hakijafichika, hakisimuliwi tu. Mwandishi anayesema "pamefichika" anamsifu msomaji wake: wewe si mtalii wa kawaida. Haulizi wenyeji wanapakumbukaje, wala kwa nini watu wapatao milioni moja walikufa nchini humo huku vyakula vikiendelea kupakiwa melini kwenda nje.

Sijitoi lawamani. Siku ile nilipiga picha ya msalaba na mawingu, nikaituma nyumbani: "Nimegundua sehemu nzuri!" Dada yangu akajibu kwa swali moja: "Nani amezikwa hapo?"

Sijaona bado kitabu cha watalii kinachoanza na swali hilo. Kikipatikana, nitakinunua.